Jiwe la Msingi Limewekwa, Mbona Shule Haifunguliwi?

Utepe umekatwa, bamba la marumaru limefunuliwa, vigelegele vimepigwa na picha zimezagaa kwenye simu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, abiria wa matatu anayepita barabara ileile ya Mombasa, Kenya, anaona kuta zimeishia kwenye lenta, yaani usawa wa juu wa milango na madirisha, vyuma vimechomoza juu vikiwa vyekundu kwa kutu, na mbuzi wamejilaza ndani ya kile kilichokusudiwa kuwa darasa la Gredi ya 10. Hapo mjadala huanza. Mmoja anasema pesa zimeliwa. Mwingine anamlaumu gavana. Wa tatu anaapa kwamba mbunge aliahidi walimu kufikia Januari.

Pesa huliwa, hilo hakuna wa kulikana. Lakini shule mpya huweza kukwama hata pale ambapo hakuna aliyeiba senti, kwa sababu kazi yake kubwa hufanyika mahali pasipopigwa picha: kwenye ofisi ya ardhi, kwenye meza ya mkurugenzi wa elimu, na kwenye jalada ambalo limekosa karatasi moja.

Tuanze na maneno yenyewe. Shule ya umma ni ile inayomilikiwa na kuendeshwa na serikali, hata kama kanisa au jumuiya ya Waislamu ni mfadhili wake. Sekondari pevu ni Gredi ya 10 hadi ya 12, ngazi ambayo kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Januari 2026. Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iko kwenye shule za msingi, na kuichanganya na sekondari pevu ndiko kunakowafanya wazazi wengi wadhani kila shule ya msingi iliyojengewa madarasa mapya sasa ni sekondari kamili. Usajili ni ile hatua ya Wizara ya Elimu kuitambua shule kisheria.

Ifikirie kama harusi. Mmoja katoa ukumbi, mwingine kapika pilau, wa tatu kaleta hema na viti. Pilau inaweza kuwa sufuria kumi, lakini kadhi asipofika, watu watakula washibe na waende makwao bila ndoa kufungwa. Usajili ndio kadhi. Na kadhi huja tu akiambiwa walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, yuko na mahari yamekubaliwa. Kwa shule, walii huyo ni ardhi.

Nani basi hupika nini? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa elimu vipande viwili. Chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani ni vya kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mkazi wa Mtongwe, kule Likoni, anayemdai gavana sekondari anabisha mlango wa jirani. Kaunti inaweza kuingia kwenye kazi hiyo, lakini kwa makubaliano rasmi baina ya serikali mbili, jambo ambalo Kifungu cha 187 kinaliruhusu. Makubaliano hayo yasipokuwepo, mkaguzi wa hesabu atauliza kwa nini pesa za kaunti zimejenga kitu kisicho cha kaunti, na swali hilo likishaulizwa mradi hupoa.

Mbunge naye hujenga kwa Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, NG-CDF. Hapa pana imani moja isiyokufa, kwamba hizo ni pesa za mbunge. Ni kodi. Jina lililochongwa kwenye bamba la marumaru si la mlipaji. Mradi hupendekezwa na kamati ya eneobunge, huidhinishwa na bodi ya hazina Nairobi, kisha pesa hupelekwa kwenye akaunti ya kamati ya mradi, ambayo ndiyo hutangaza zabuni na kulipa. Ni vyema pia kujua kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, ikaipa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Mvutano huo ni sababu nyingine ya kuuliza mradi umelipiwa hadi hatua gani, maana ahadi na pesa iliyoingia benki ni vitu viwili.

Walimu ni habari nyingine kabisa. Mbunge hana mwalimu wa kutoa, gavana hana, na hata mkurugenzi wa elimu hana. Walimu wa shule za umma huajiriwa na kupelekwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ambayo haipeleki mwalimu kwenye shule isiyosajiliwa.

Sasa turudi kwa walii, yaani ardhi, kwa sababu Mombasa ndipo penye fundo lenyewe.

Kila mtu wa Kisauni au Likoni anajua maana ya nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, mabati ni yako, lakini mchanga ulio chini yake una mwenyewe, na kila mwezi au mwaka unalipa kodi ya ardhi kwa mtu ambaye pengine hujawahi kumuona. Mzizi wa hali hii uko kwenye ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyowapa walioweza kuthibitisha umiliki hati zao, na ardhi nyingine ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa wakiishi na kulima bila karatasi wakawa maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Shule iliyojengwa bila hati miliki ni nyumba bila ardhi yenye wanafunzi mia nne. Siku mwenye hati au mjukuu wake atakapokuja na wakili, bamba la marumaru halitamzuia.

Ardhi ya shule hupatikana kwa njia chache, na kila moja ina mtego wake. Ya kwanza ni kiwanja kilichotengwa kwenye ramani ya mipango kwa matumizi ya umma. Ni njia nzuri kuliko zote kwenye karatasi, ila mara nyingine ukifika uwanjani unakuta godauni. Ya pili ni kukata kona ya shule ya msingi iliyopo. Ndiyo ya haraka, na sekondari nyingi za kutwa zilianza hivyo, lakini bila mpimaji kugawa kiwanja na kutoa hati mbili, shule mbili zitagombania lango, tangi la maji na uwanja milele. Ya tatu ni zawadi ya familia, na hapa ndipo wema huleta kesi. Mzee anasimama baada ya swala ya Ijumaa, anasema ekari mbili zile ni za watoto wetu, watu wanamuombea dua. Hakuna aliyekwenda naye kwenye ofisi ya ardhi. Mzee akifariki, warithi wanahesabu ekari zile kwenye mirathi, na kisheria wako sawa. Ardhi ya wakfu nayo haiuzwi, kwa hiyo kinachowezekana ni mkataba wa kukodi wa miaka mingi, na ni lazima masharti ya aliyeweka wakfu yasomwe kabla ya kuchimba msingi.

Njia yoyote itakayofuatwa, mpangilio ni mmoja. Kwanza upekuzi kwenye masjala ya ardhi kujua ni nani aliyeandikwa na kama kuna deni au zuio. Pili mpimaji atafute bikoni, yaani alama za mipaka, maana kiwanja cha kwenye hati na kile wanachokionyesha wazee kwa kidole mara nyingi hutofautiana kwa mita kadhaa. Tatu uhamisho, na hati itoke. Hati ya shule ya umma kwa kawaida huandikwa kwa jina la Waziri wa Fedha akiwa mdhamini wa shule. Haiandikwi jina la mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati wala mfadhili. Mfadhili ana viti kwenye bodi ya usimamizi na ana sauti katika malezi ya kidini. Hilo halimfanyi kuwa mwenye shule.

Ukubwa nao hupuuzwa. Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 64 peke yake unakula ekari moja na nusu na kitu. Kwa hiyo anayesema amepata nusu ekari Bamburi ya kujenga sekondari amepata mahali pa jengo la ghorofa na ua wa kupangia foleni.

Hati ikiwa mkononi, ndipo michoro ipelekwe kaunti kuidhinishwa, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na tathmini ya mazingira ipite NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mchoro wa darasa si wa kubuni. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6 hivi, la wanafunzi 40 wakikaa wawiliwawili kwenye dawati, au 30 wakikaa mmojammoja. Milango ifunguke kwenda nje. Madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia wezi, jambo linalowaudhi walinzi wote wa Mombasa, lakini moto ukizuka dirisha ndilo mlango wa pili. Vyoo navyo vina hesabu: wanafunzi 30 wa kwanza vyoo vinne, kisha kimoja kwa kila 30 wanaofuata mpaka kufika 300. Shule inayoanza na wanafunzi 135 inahitaji vyoo vinane kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia. Afisa wa afya ya umma huvihesabu.

Jengo lilale mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri litapiga kuta fupi za mwisho, na upepo, uwe wa kaskazi wa Desemba au wa kusi wa Juni, utapata pa kuingilia na pa kutokea. Waliojenga Mji wa Kale walijua thamani ya upepo unaopita nyumba. Mchoro wa darasa ulioletwa kutoka bara na kuwekwa kama ulivyo, madirisha madogo na mabati bila dari, hutoa tanuri.

Udongo hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Bamburi, Nyali na sehemu kubwa ya Likoni chini ni mwamba wa matumbawe na mchanga, na msingi hukaa vizuri, ila matumbawe yana matundu. Maji ya choo cha shimo hupenya haraka na kuibukia kwenye kisima cha jirani, kwa hiyo tangi la maji taka lijengwe na kupigwa plasta ndani. Ukivuka kwenda Changamwe, Miritini na Jomvu, unakuta udongo mzito wa mfinyanzi na mwamba laini wa tabaka. Huo haunywi maji. Shimo la kunyonya hujaa mvua za masika zikija, na udongo wenyewe huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana kuta za huko hupata nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha. Dawa ni msingi wenye kina zaidi na mkanda wa zege wenye vyuma kuzunguka jengo lote. Makadirio ya gharama ya Bamburi hayanakiliwi Miritini.

Adui mkubwa hata hivyo ni chumvi. Iko hewani, iko kwenye mchanga wa ufuoni, iko kwenye maji ya visima vingi vya Kisauni. Chuma ndani ya zege hulindwa na zege lenyewe. Chumvi ikifika kwenye chuma, chuma kinakula kutu, kinanenepa, na zege hupasuka kutoka ndani. Zile nguzo za zamani zilizomwaga maganda na kuonyesha mbavu zake ziliugua hivyo. Kwa hiyo mchanga wa ufuoni usitumike kwenye zege hata ukiwa bure, maji ya kuchanganyia yawe matamu, na chuma kifunikwe na zege la milimita 40 hadi 50, maradufu ya ile 20 au 25 inayotosha ndani ya nyumba bara. Unene huo hupatikana kwa vibonge vidogo vya zege vinavyofungwa kwenye vyuma kabla ya kumwaga. Ukipita na usivione, chuma kimelala kwenye mbao, na nguzo hiyo itaanza kuonyesha kutu mapema.

Kisha kuna kosa la wilbaro. Zege la kawaida la sakafu ni 1:2:4, yaani simiti kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Mfuko wa simiti wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Wilbaro iliyorundikwa hubeba karibu maradufu ya hapo. Fundi anayemwaga mfuko mmoja, wilbaro mbili za mchanga na nne za kokoto anaamini amepiga 1:2:4, kumbe amepiga karibu 1:4:8. Hakuiba kitu na sakafu itachimbika kwa miguu ya madawati kabla ya mtihani wa kwanza. Kipimo kiwe sanduku la mbao lenye ujazo wa mfuko mmoja, na maji yasizidi lita 27 kwa mfuko, hata kama jua la Februari linafanya zege lionekane gumu kusukumwa. Sakafu ya darasa moja, mita za mraba 45 kwa unene wa sentimita 15, ni zege la karibu mita 6.75 za ujazo, na inakula mifuko 43 hivi. Mzazi yeyote kwenye kamati ya mradi anaweza kuhesabu mifuko mitupu. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji siku saba, na mbao za chini ya slabu ya ghorofa zisivuliwe kabla ya wiki tatu hadi nne. Mwanakandarasi mwenye haraka huzivua mapema ili akazitumie kwingine.

Mambo haya yote yanatupeleka kwenye zile kuta zilizoishia kwenye lenta. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na pesa huja kwa mafungu, mara nyingi kwa kuchelewa. Kamati inayotaka kuonekana imefanya makubwa husaini awamu ya kwanza ya madarasa manane hadi lenta. Fungu la pili likichelewa, vyuma vilivyo wazi hukaa kwenye hewa ya chumvi msimu mzima, mvua huingia kwenye kuta zisizo na paa, na awamu ya pili huanza kwa kubomoa. Bora madarasa matatu yenye paa, sakafu, milango na vyoo kuliko manane ya mbuzi. Sekondari pevu mpya huanza na Gredi ya 10 peke yake, mwaka wa pili huongeza ya 11, wa tatu ya 12. Madarasa tisa hayahitajiki siku ya kwanza.

Kinachohitajika mapema ni maabara. Shule nyingi za kutwa hutoa njia mbili za masomo, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na sayansi za jamii, na STEM bila maabara ni jina. Maabara ina mabomba, gesi, umeme, masinki na mfereji wa kutoa kemikali, kwa hiyo haiwezi kuwa darasa lililobandikwa kibao kipya. Iwekwe kwenye mchoro tangu mwanzo, maana kuchimba sakafu iliyokwisha mwagwa ili kupitisha bomba ni gharama mara mbili.

Usajili huombwa kwa bodi ya elimu ya kaunti kupitia ofisi ya kaunti ndogo. Afisa wa ubora hukagua madarasa, afisa wa afya hukagua vyoo na maji, na jalada huwa na karatasi za ardhi, majina ya bodi ya usimamizi na ripoti zote mbili. Ukienda kuomba baada ya rangi kukauka, umechelewa. Baada ya usajili ndipo shule hupata namba kwenye mfumo wa wizara, ndipo TSC humpeleka mwalimu mkuu, na ndipo pesa za serikali huanza kuhesabiwa kwa mwanafunzi. Kiwango kilichowekwa 2018 ni shilingi 22,244 kwa mwaka, zikigawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Kwa wanafunzi 135 hiyo ni kama milioni tatu kwa mwaka. Inaonekana nyingi mpaka ulipe umeme, mlinzi, chaki, kemikali na walimu walioajiriwa na bodi ya shule kujaza pengo la TSC. Wazazi bado watanunua sare na kulipia chakula cha mchana, kwa hiyo anayetangaza kwamba kutwa ni bure kabisa hajawahi kuona orodha ya Januari.

Kuna tarehe moja inayopita watu wengi. Wanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua shule wakiwa bado darasani, miezi mingi kabla ya kufungua. Kundi la 2025 lilichagua shule 12, tatu kati yake za kutwa karibu na nyumbani. Shule isiyo na namba wakati huo haionekani kwenye orodha na hakuna mtoto anayeweza kuichagua, hata anayeishi upande wa pili wa ua. Januari inafika, madarasa yananukia rangi, mwalimu mkuu yuko getini, na watoto wa mtaa ule wanapanda matatu kwenda shule walizopangiwa.